Mkemia wa pareto ajibu barua zenu

Toleo lililopita tulichapisha habari za mkemia mtafiti aliyezaliwa Umalila, Mbeya Vijijini, kwenye nyumba ya wakulima wa pareto. Siku hizi anafundisha chuoni jijini Mbeya, na maabara yake hutumia shaba kuunda kipande cha molekuli kilekile kilichomo ndani ya sumu ya ua la pareto. Barua zimekuja nyingi. Tumemkabidhi, naye kachagua mwenyewe za kujibu.

Mwanangu, nimelima pareto hapa Ilembo tangu ujana wangu. Nimesoma kwamba wewe, mtoto wa hukuhuku, unatengeneza pareto kwenye chupa. Sasa sisi wazazi wako unataka tule nini? – Mzee wa Ilembo

Shikamoo baba. Hasira yako nimeipokea. Hata mama yangu aliniuliza hivyohivyo, tena akiwa na tenga la maua mkononi, kwa hiyo jibu ninalo siku nyingi.

Kwanza nikwambie jambo ambalo halitakufurahisha. Dawa za kuiga pareto si za jana. Ya kwanza kutoka maabara, alethrini, ilipatikana Marekani mwaka 1949, na mpaka leo dawa nyingi za mbu za kuchoma zina kitu cha ukoo huo. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrini, ambayo haiharibiki haraka juani kama inavyoharibika pareto. Ndiyo iliyofumwa ndani ya vyandarua vya Olyset ambavyo Arusha walianza kuvitengeneza kwa teknolojia ya Wajapani wa Sumitomo. Kama kiwanda kingekuwa cha kuiua pareto, muda wa kuiua kimekuwa nao wa kutosha.

Haikufa, na kilichoiokoa ni udhaifu wake. Jua linaimaliza upesi, basi haibaki kwenye chakula, na wanaolima bila dawa za viwandani wanaitaka kwa sababu hiyo. Tena ndani ya ua hamna sumu moja, mna sita, zimechanganyika kwa kipimo ambacho ua lenyewe limekipanga. Kuzitengeneza zote sita kiwandani inawezekana, ila gharama yake hakuna mfanyabiashara atakayeilipa.

Mimi nashughulika na kipande kimoja tu. Sumu tatu kati ya hizo sita zimejengwa juu ya tindikali ya krisanthemi. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka ndio waliolifumbua umbo lake na kulichapisha mwaka 1924: katikati kuna kaboni tatu zilizofungwa pembetatu, zimebanana kiasi kwamba zikipata upenyo zinafumuka. Tindikali hiyo inaweza kujitokeza katika sura nne, nyingine ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Kwa jicho la mwanafunzi wa kidato cha pili zote ni sawa. Kwa mdudu si sawa hata kidogo. Ua lako la Ilembo linatengeneza sura moja tu, kila msimu, bila umeme wala mtungi wa gesi. Sisi tulipojaribu kwa njia za kawaida tukapata zote nne kwa mkupuo.

Mwaka 1966 huko Kyoto, Hitoshi Nozaki na msaidizi wake Ryoji Noyori walichukua chembe ya shaba, wakaivika molekuli iliyoelemea upande mmoja, wakaitumia kufunga pembetatu kama hiyo. Sura moja ikaizidi taswira yake kidogo mno, chini ya asilimia 10. Mtu mwingine angeitupa karatasi ile. Baadaye Tadatoshi Aratani, kwenye kampuni hiyohiyo ya Sumitomo, aliibadilisha ile nguo ya shaba mpaka kiwanda kikaona faida, na Noyori akapata Nobel mwaka 2001 kwa kazi zilizotokana na wazo hilo. Maabara yangu iko kwenye uchochoro wa barabara hiyo: natafuta nguo ya shaba iliyo rahisi kushona hapa kwetu. Ninachokitoa kwa mwaka hakijazi kijiko cha chai, baba. Hata kiroboto wa mbwa wako hakitamtosha.

Kinachokupunguzia fedha kiko uani kwako. Zaidi ya asilimia 90 ya sumu imo kwenye vimbegu vya katikati ya ua, wala si kwenye vile vipande vyeupe vya pembeni. Ukichuma changa, vimbegu havijajaa. Ukirundika maua mabichi yakapata joto, au ukayaacha juani siku baada ya siku baada ya kukauka, sumu inakwenda na wewe unabaki na uzito mtupu. Kichanja chenye kivuli kinachopitisha hewa ni bora kuliko turubai barabarani. Na unapouza, dai uonyeshwe kipimo cha sumu cha mzigo wako kabla hujapokea fedha. Hilo ni la kugombania kuliko kunigombeza mimi.

Kamwene Daktari. Nipo kidato cha sita, PCB, hapa Iringa. Mwalimu wetu hutuambia kichocheo ni mshenga: anakutanisha pande mbili, yeye haoi. Lakini nimesoma kwamba kwenye kemia yako metali inashikana kabisa na kaboni. Kwa hiyo mshenga ameoa? Na siku yako kazini inakuwaje? – Mwanafunzi, Iringa

Kamwene mwanangu. Umemnasa mwalimu, ila mwambie kwa adabu.

Mshenga huyu anaoa, na anaoa kila safari. Tuchukue shaba yangu. Ninaanza na kimiminika cha njano kiitwacho diazoaseteti, ambacho kimebeba naitrojeni isiyotulia. Kinapokutana na shaba, naitrojeni inatoka, inakuwa gesi, inakwenda zake, na kaboni iliyoachwa inashikana na shaba yenyewe. Kitu hicho, kabini ya shaba, kinaishi muda mfupi mno. Hukiweki kwenye chupa ukakiandikia jina. Kisha inapita molekuli yenye kaboni mbili zilizounganika mara mbili. Shaba inaikabidhi ile kaboni yake, pembetatu inafungika, na shaba inabaki huru kutafuta nyingine. Kaoa, kaacha, kaoa tena. Kwa kila molekuli 100 za mali ghafi natia moja tu ya shaba, na inazihudumia zote. Kemia ya oganometali ndiyo hiyo: metali na kaboni zimegusana, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Mwalimu wako hakukosea kuhusu mwisho, maana kichocheo kinarudi kilivyokuwa. Amekosea kuhusu katikati, na sisi mshahara tunalipwa kwa ajili ya hapo katikati.

Ile nguo niliyomtajia mzee wa Ilembo tunaiita ligandi. Kazi yake ni kuziba upande mmoja wa shaba, ili mgeni apite upande wa pili tu. Ukibadilisha ligandi, kwa mfano ukaweka kundi nene zaidi mahali pamoja, sura ya zao inabadilika. Kwa nini imebadilika kiasi hicho na si zaidi? Hapo ndipo watu wanapozeekea.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi natoa vyombo vya kioo kwenye oveni vingali vya moto, navifunga kwenye mtambo wa Schlenk: bomba mbili, moja inavuta hewa, nyingine inaleta agoni, gesi isiyoshikana na kitu. Agoni ninanunua kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea, mtungi uleule anaobeba fundi wa chuma cha pua. Kiyeyusho nakikausha kwa sodiamu na benzofenoni. Kinapogeuka buluu nzito ya kuelekea zambarau, maji na oksijeni vimeisha, na sigusi kabla ya hapo. Ligandi yangu ni ya njano, ya kung'aa. Ukiimimina kwenye asetati ya shaba mchanganyiko unakolea kijani palepale, unga unashuka chini, unachuja. Lakini shaba inayofanya kazi kwenye chupa ni ile iliyopoteza elektroni moja tu, ambayo karibu haina rangi. Ukiona ukijani unatambaa kutoka juu ya kimiminika kwenda chini, hewa imeingia, na usijidanganye kwamba ni kivuli cha dirisha.

Baada ya hapo ni subira. Diazo inaingia tone kwa tone kwa sindano inayosukumwa na mashine. Ukiiharakisha, diazo mbili zinakutana zenyewe na unapata esta za fumariki na maleiki, taka ambazo hazina pembetatu. Basi unakaa unaangalia mapovu ya naitrojeni yakipita kwenye mafuta ya mwisho wa bomba: yakienda taratibu, mambo ni mazuri. Yakikoma ghafla huku diazo bado inaingia, zima sindano upesi. Kimiminika hicho kikijikusanya bila kuliwa kinaweza kulipuka, ndiyo maana nafanya kila kitu nyuma ya kioo, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa chafu.

Kingine ambacho vitabu havikuambii: viliandikwa na watu wa nyanda za chini. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kiyeyusho kiitwacho toluini, kinachopaswa kuchemka kwenye 110, kinachemka mapema, karibu na 104. Kichocheo kinachosifiwa Ulaya kwa saa sita za kuchemsha, hapa kinataka zaidi. Mtu wa pwani akisoma daftari langu atadhani tu wavivu.

Jioni sampuli inakwenda kwenye mashine ya kupima sura zile za kioo. Mara nyingi jibu linakuja hamsini kwa hamsini, maana yake ligandi haikufanya lolote. Naandika, nafunga daftari, naenda nyumbani kupika.

Habari za kazi. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, nina mashaka naye. Kwa kuwa wewe ni mkemia, nikuletee mate yake na yangu upime DNA? Iwe siri. – Msomaji, Vwawa

Usiniletee mate, ndugu yangu. Mashine zangu hazijui baba wala mama. Kipimo hicho ni cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, na kinaongozwa na sheria ya mwaka 2009. Hupimwi kwa kupeleka kichupa dirishani. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii au wakili. Na kabla ya hapo ongea na mama wa mtoto. Hilo halihitaji maabara.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Tukuyu. Kila baada ya miaka nasikia redioni Nobel ya kemia imekwenda kwa watu wa metali na kaboni. Sisi wa Rungwe imetufaa nini? – Mwalimu

Shikamoo mwalimu. Swali la kimwalimu hasa, halina pa kujificha.

Tazama gunia la sandarusi lililobeba viazi vyenu kwenda Dar es Salaam. Plastiki yake, polipropilini, imetokana na vichocheo vya titani na alumini ambavyo Karl Ziegler na Giulio Natta walipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 1963. (Lumbesa si kosa lao.) Ukiwa na presha na daktari amekuandikia losartani, fahamu kwamba watengenezaji walipoitafutia njia ya kiwandani walitumia paladiamu kuunganisha pete mbili za kaboni, kwa mbinu ya Akira Suzuki, mmoja wa watatu wa Nobel ya 2010.

Lakini ninaoupenda mimi ni mfano wa mahindi. Kuna dawa ya magugu iitwayo metolakloro, inapuliziwa kabla magugu hayajaota. Nayo ina sura nne, na zinazoua magugu hasa ni mbili. Miaka mingi wakulima walikuwa wanamwaga ardhini zote nne, nusu nzima ikiwa kazi bure. Uswisi wakahangaika mpaka mwaka 1996 walipoanza kuitengeneza kwa iridiamu iliyovikwa ligandi ya ferosini, na chembe moja ya kichocheo hicho inazalisha zaidi ya molekuli milioni moja. Dozi ya shambani ikapungua kwa zaidi ya theluthi. Kwenye kopo tafuta herufi S mbele ya jina. Na hiyo ferosini, chuma kilichobanwa katikati ya pete mbili za kaboni, ilitokea mwaka 1951 kwa watu waliokuwa wanatafuta kitu kingine kabisa. Kuielewa kukawapatia Geoffrey Wilkinson na Ernst Otto Fischer Nobel ya 1973. Hakuna aliyewaambia itaishia kwenye palizi.

Dada, nipo Chunya, nachimba. Watu wa semina wanatutisha kuhusu zebaki. Mimi nachoma dhahabu miaka yote, nipo ngangari. Wewe unayejua metali, niambie ukweli. – Mchimbaji

Kaka, ukweli ni kwamba semina imekuonea huruma, imekwambia nusu.

Unapolichoma lile donge la zebaki na dhahabu, zebaki inageuka mvuke usio na rangi wala harufu. Unauvuta, unaingia kwenye damu, unapanda kichwani. Hauangushi mtu siku hiyo. Unaanza na mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu, na watu wanasema fulani kabadilika tangu apate hela. Ukichomea jikoni, mvuke unashika ukutani na kwenye paa la nyumba, na mtoto wako anaupata bila kugusa dhahabu hata punje.

Nusu ya pili ndiyo ya fani yangu. Zebaki ikioshwa mtoni, bakteria wa kwenye tope wanaifunga na kaboni, inakuwa methili-zebaki. Hiyo inapanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo hadi samaki mkubwa, ikizidi kila hatua, na mito ya Chunya inaelekea Ziwa Rukwa ambako watu wanakula samaki. Minamata, Japani, kiwanda kilitumia zebaki kama kichocheo, taka zake zikawa na methili-zebaki, zikamwagwa ghubani. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na watoto walizaliwa wameathirika wakati mama zao walionekana wazima. Na mwaka 1996 huko Marekani, mwanakemia Karen Wetterhahn, mtaalamu wa sumu za metali, alidondokewa na matone machache ya daimethili-zebaki juu ya glavu. Yalipenya. Alifariki Juni 1997. Alikuwa anajua kuliko mimi na wewe. Wanafunzi wangu wapya wanasikia habari zake kabla sijawapa koti.

Kwa hiyo: tumia retoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachorudisha mvuke ukawa zebaki tena, ambayo utaitumia upya na ni fedha yako. Chomea nje, simama upepo unakotoka, usiwe karibu na chakula, na nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Wajawazito wakae mbali kabisa. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke huo, usijipe moyo nacho.

Shikamoo Daktari. Binti yangu anataka kusomea kemia kama wewe. Baba yake anasema ataishia kushika chaki. Ajira ziko wapi? Na vifaa vyenyewe si ghali? – Mama, Njombe

Marahaba mama. Baba yake ana hoja. Ajira ya utafiti wa vichocheo Tanzania ni chache, sitamdanganya mtoto wa mtu. Mimi mwenyewe nashika chaki, na chaki ndiyo inayolipa ada za wanangu. Utafiti napenyeza humohumo.

Njia yangu ilikuwa PCM, kisha shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Cape Town kwa uzamivu. Afrika Kusini fani hii inashamiri kwa sababu wana vyote viwili: madini ya ukoo wa platinamu ardhini, na viwanda vinavyogeuza makaa ya mawe na gesi kuwa kemikali. Huko nilifanya kazi na rodiamu, na ni metali tamu kufanyia kazi, inakusamehe mengi. Nikarudi nyumbani nikaiacha. Mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Mimi bajeti yangu inahesabu sabuni za kuoshea vyombo. Shaba inauzwa kwa tani. Wapo wanaoniona nimeshuka daraja, na hao siwajibu, maana duniani sasa maabara kubwa nazo zinahangaikia chuma, shaba na kobalti kwa sababu ileile ya bei.

Ambacho baba yake hakijui ni kwamba aliyezoea kazi hii ana mikono inayotakiwa kwingine. Wanafunzi wangu wapo viwanda vya saruji, maji na bia, wapo maabara za kupima chai na dawa, mmoja anapima sumu ya pareto, na wapo waliokwenda kwenye ukaguzi wa kemikali mipakani. Hawakuajiriwa kwa sababu ya kabini ya shaba. Waliajiriwa kwa sababu wanajua kupima, kuandika walichokiona na kutoiba namba.

Binti akifika kidato cha tano achague mchepuo wenye kemia na asiikimbie hisabati, kwani wengi wanakwama hapo. Likizo ya Juni maabara yangu hupokea wanafunzi wachache wa sekondari kutazama. Aandike kupitia kwa mhariri, aje na barua ya mkuu wa shule, viatu vya kufunika vidole, na nywele azifunge.